Bakapu Kwanza, Kisha Nini? Ratiba ya Usiku ya Seva katika Viwanda vya Zegereni

Zegereni, kata ya Visiga, Kibaha, ni eneo lililotengwa kwa ajili ya viwanda. Kiwanda cha Kairuki kinachotengeneza dripu kipo huko, na majirani zake wanaongezeka. Mpita njia huona malori, mageti na mabati marefu ya maghala. Hazioni seva. Katika kiwanda cha kadiri, seva mara nyingi ni mashine moja au mbili ndani ya chumba kidogo chenye kiyoyozi, mlango wa pili baada ya uhasibu. Ndani yake mna mauzo, stoo, mishahara, ankara za wateja na rekodi za uzalishaji. Mashine hiyo ikifa na hakuna nakala, kiwanda kinabaki na mitambo mizima lakini hakijui kinamdai nani, kinadaiwa na nani, wala mzigo upi ulitoka kwenye bechi gani.

Kuna kazi mbili ambazo seva hiyo haiwezi kuzikwepa. Ya kwanza ni nakala rudufu, ambayo kila fundi huiita bakapu. Ya pili ni masasisho ya mfumo endeshi, na mengi kati ya hayo hayakamiliki mpaka mashine izimwe na kuwashwa upya. Kazi zote mbili husukumiwa usiku, eti usiku kumetulia. Kila moja hupewa saa yake, na programu inayoiendesha haijui kwamba mwenzake yupo. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba saa ni msingi dhaifu wa ratiba ya namna hii. Hatua moja inapaswa kuanza kwa sababu hatua iliyotangulia imekwisha na imethibitishwa. Mshale wa saa kufika mahali fulani si sababu ya kutosha. Katika eneo ambalo umeme unaweza kukatika, intaneti ni finyu na zamu ya usiku iko kazini, jambo hili lina uzito kuliko lilivyo katika vitabu vya mafunzo.

Tuanze na jinsi mgongano unavyotokea, kwa kuwa hautokani na uzembe. Ukiiamuru Windows isakinishe masasisho kwa ratiba, saa inayokuja nayo tangu awali ni saa 9 usiku. Fundi anayepanga bakapu naye huchagua saa 8 usiku, kwa kuwa ndiyo saa iliyo katika mifano mingi ya mafunzo. Siku za mwanzo bakapu inachukua dakika 20, na hakuna shida. Mwaka unapita, kanzidata inanenepa, picha za ankara zilizoskaniwa zinaongezeka, na bakapu inafika dakika 70. Hakuna aliyebadilisha chochote, lakini sasa kuna usiku mmoja katika mwezi ambapo mashine inazimwa bakapu ikiwa haijamaliza. Kwenye Ubuntu hali ni tofauti kidogo: masasisho ya kiusalama hujisakinisha kuanzia saa 12 asubuhi, yakichelewa kwa kubahatisha hadi dakika 60, lakini mashine haijizimi yenyewe usipoiamuru. Inaacha faili dogo linalosema kuwasha upya kunahitajika. Faili hilo laweza kukaa miezi mitatu bila mtu kulifungua, na miezi yote hiyo kiini cha zamani cha mfumo, chenye tundu lililokwisha kuzibwa kwenye toleo jipya, ndicho kinachoendesha seva.

Madhara ya bakapu kukatwa katikati yana ngazi. Faili lililoandikwa nusu ndilo dogo kabisa, kwani huonekana. Kubwa zaidi ni kuvunjika kwa mnyororo wa nakala. Bakapu nyingi za siku hizi hazinakili kila kitu kila usiku. Hunakili yaliyobadilika tangu jana, kwa kufuata kumbukumbu ya sehemu za diski zilizoguswa. Mashine ikizimika vibaya, kumbukumbu hiyo inaweza kutupwa, na usiku unaofuata programu inalazimika kusoma diski nzima upya. Kazi iliyozoea dakika 40 inachukua saa tano, inavuka alfajiri, na zamu ya asubuhi inakuta mfumo mzito. Watu wanalaumu mtandao. Chanzo ni usiku uliotangulia.

Na kuna ngazi ambayo naiona kuwa hatari kuliko zote kwa sababu haitoi kelele: bakapu inayochukuliwa kati ya kusakinisha na kuwasha upya. Masasisho yamekwisha kuwekwa, faili kadhaa za mfumo zinasubiri kubadilishwa mashine itakapowaka, na ndipo bakapu inapopita na kunasa hali hiyo ya nusu kwa nusu. Inaripoti kwamba imefaulu, na kweli imefaulu kunakili kilichokuwepo. Siku utakapoirejesha, mashine itawaka na kuendelea na usakinishaji uleule, labda uleule ulioiharibu. Ulidhani una mlango wa kurudi jana, kumbe mlango unakurudisha katikati ya ajali.

Mafundi wengi hujibu hapa kwamba wana snapshoti, yaani taswira ya diski ilivyokuwa dakika fulani. Snapshoti ni nzuri kwa saa chache za matengenezo. Sasisho likiharibu mambo, unarudi nyuma kwa dakika mbili. Lakini inakaa kwenye diski ileile, na diski ikifa vyote vinakufa pamoja. Kwa seva za kanzidata kuna jambo la ziada: snapshoti iliyochukuliwa bila kuiambia kanzidata itulie ni sawa na hali ya mashine iliyokatiwa umeme ghafla. Mara nyingi inaamka salama. “Mara nyingi” si neno la kumpelekea mkurugenzi.

Ulimwengu umeshatupa mifano ya wazi ya masasisho na bakapu kupishana vibaya, na mmoja ni wa kusomwa na kila anayeshika seva. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa makosa kanzidata iliyokuwa ikifanya kazi. Kampuni ilipogeukia nakala zake, ilikuta kwamba kati ya mbinu tano za bakapu na unakilishaji zilizokuwepo, hakuna iliyokuwa ikifanya kazi kwa kutegemewa. Sababu moja inahusu mada yetu moja kwa moja: kanzidata ilikuwa PostgreSQL 9.6, lakini programu ya kuitolea nakala iliyokuwa ikiitwa ilikuwa ya toleo la 9.2. Matoleo hayakulingana, na programu ikawa inakataa kazi kila ilipoitwa. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilitumwa, lakini zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa saini iliyotakiwa. Kilichowaokoa ni snapshoti ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa 6 hivi kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa. Kanzidata iliendelea kufanya kazi kama kawaida, na bakapu ikawa inashindwa kimya.

Chuo Kikuu cha Kyoto nacho kilipata msiba wake Desemba 2021. Hewlett Packard ya Japani ilibadilisha skripti ya bakapu ya kompyuta kubwa ya chuo huku skripti ya zamani ikiwa bado inakimbia. Ganda la amri husoma skripti kidogo kidogo, halisomi yote mara moja, hivyo lilianza na maandishi ya zamani na kuendelea na mapya. Majina yaliyopaswa kuwa na thamani yakawa matupu, na amri ya kufuta logi za zamani ikafuta data za watafiti: terabaiti 77, faili zipatazo milioni 34, za makundi 14. Kampuni ilikiri kosa. Ukisoma tukio hilo kwa makini unaona kosa ni la ratiba: waligusa chombo cha bakapu wakati kikiwa kazini.

Mfano wa tatu ni wa Windows, na unagusa mahali pabaya. Masasisho ya tarehe 11 Januari 2022 yalizifanya baadhi ya seva zinazosimamia majina na nywila za ofisi ziwe zinajizima na kujiwasha mfululizo. Masasisho hayohayo yalifanya baadhi ya diski zilizopangwa kwa ReFS zisomeke kama diski ambazo hazijapangwa. ReFS ni mpangilio unaopendwa kwa maghala ya bakapu. Kwa maneno mengine, sasisho moja liliweza kuiangusha seva na wakati huohuo kuficha nakala yake. Microsoft ilitoa marekebisho ya dharura tarehe 17 mwezi huohuo. Aliyekuwa amesasisha seva ya kazi na seva ya bakapu usiku mmoja angeweza kuzikosa zote mbili pamoja. Tangu hapo nashikilia kanuni moja bila mjadala: seva ya bakapu haisasishwi usiku mmoja na zile inazozilinda.

Sasa turudi Zegereni. Kwanza, tuache kudhani usiku kumelala. Kiwanda chenye zamu tatu kina watu saa 9 usiku kama kilivyo nao saa 9 mchana. Lori limepakia, linataka kutoka kabla foleni za kuelekea Dar es Salaam hazijaanza. Mpimaji amekaa mbele ya kompyuta ya mizani, dereva ameshazima injini, na uzito unapaswa kuandikwa kwenye mfumo ndipo hati ya kutokea itolewe. Seva ikijizima dakika hiyo, mpimaji anaandika uzito kwenye daftari. Asubuhi mtu mwingine analiingiza daftari kwenye mfumo, labda kwa kukosea tarakimu moja, na stoo haitalingana mpaka hesabu ya mwisho wa mwezi. Kwenye kiwanda cha dawa jambo ni zito zaidi, maana kumbukumbu ya bechi lazima ieleze nini kilifanyika na saa ngapi. Pengo la dakika 25 katikati ya bechi linahitaji maelezo.

Kwa hiyo dirisha la kuzimia seva haliwezi kuchaguliwa na mtu wa TEHAMA peke yake. Meneja wa uzalishaji ndiye anayejua ni lini mitambo inasafishwa, ni zamu gani haipakii, na Jumapili gani hakuna kazi. Nimeona ratiba nyingi za seva zilizoandikwa bila kumuuliza mtu huyo hata mara moja, na ndizo zinazoahirishwa kila mwezi mpaka zinasahaulika.

Pili, umeme. Usiku wa kuamkia Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakosa umeme. Ilitokea katika saa zilezile ambazo bakapu na masasisho hukimbia. Hali ya uzalishaji wa umeme imeimarika tangu mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ilipoanza kuwashwa Februari 2024, lakini hitilafu za njia na transfoma za mtaa hazitegemei bwawa. Sasisho lililokatiwa umeme katikati ya kuandika faili za mfumo ni hatari kuliko bakapu iliyokatwa, kwani seva inaweza isiwake tena. Kwa sababu hiyo, kabla ya kubonyeza kitufe mwenye seva anapaswa kujua UPS inaweza kuibeba kwa dakika ngapi ikiwa na mzigo wake halisi, na jenereta inawaka yenyewe au inamsubiri mlinzi. UPS yenyewe iwe imeunganishwa na seva kwa kebo na kupangwa kuizima kwa utaratibu chaji inapokaribia kwisha. Kebo hiyo huachwa ndani ya boksi katika ofisi nyingi kuliko inavyostahili.

Tatu, intaneti. Tuchukue seva yenye gigabaiti 400. Kwenye diski ya nje inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde, nakala nzima inachukua saa 1 na dakika 7. Ukitaka nakala hiyohiyo iende kwenye kituo cha data Dar es Salaam kwa laini ya megabiti 20 kwa sekunde, bila mtumiaji mwingine yeyote, utasubiri zaidi ya saa 44. Mabadiliko ya siku, tuseme gigabaiti 6, yanapita kwa dakika 40. Hesabu hii ndogo inaamua umbo la ratiba nzima: nakala kamili ibaki hapo kiwandani kwenye diski, na mabadiliko ndiyo yasafiri. Ukitaka kuwa na nakala kamili ya nje, nakala ya kwanza ibebwe kwa gari. Na laini yenyewe si ya uhakika kila wakati. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na Tanzania ikawa na intaneti ya kusuasua kwa siku kadhaa. Ratiba iliyosema “usisasishe mpaka nakala ya nje ifike” ingesimama siku zote hizo, na hilo lingekuwa sahihi.

Hapo kuna mtego mdogo unaowanasa hata wenye uzoefu. Seva za kukodi mtandaoni kwa kawaida hufuata saa ya ulimwengu, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa 3. Anayeandika 02:00 akidhani amepanga saa 8 usiku amepanga saa 11 alfajiri. Bakapu ikichukua saa moja, kuwasha upya kunaangukia saa 12, wakati zamu zinapokezana na kila mtu anaingia kwenye mfumo kwa pamoja.

Kalenda, kwa bahati nzuri, iko upande wetu, na hili silioni likisemwa. Microsoft hutoa masasisho yake ya kila mwezi Jumanne ya pili, saa 4 asubuhi ya pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu ni saa 2 usiku wakati wao wakiwa kwenye saa za kiangazi, na saa 3 usiku miezi mingine. Jumanne ya pili haiwezi kutangulia tarehe 8 wala kupita tarehe 14. Kodi ya mishahara (PAYE) inapaswa kufika TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na ritani ya VAT ni tarehe 20. Ina maana Jumamosi inayofuata Jumanne hiyo daima iko kati ya tarehe 12 na 18: PAYE imeshalipwa, VAT haijafika, na kufunga hesabu za mwezi bado kuko mbali. Kompyuta moja isiyo muhimu isasishwe Jumatano, ichunguzwe Alhamisi na Ijumaa, kisha seva za kazi ziguswe usiku wa Jumamosi na ile ya bakapu juma linalofuata. Muda wa siku nne unatosha kusikia kilio cha wengine duniani kama sasisho ni bovu.

Je, si salama zaidi kusubiri miezi miwili? Historia inasema hapana. Kiraka cha tundu lililotumiwa na virusi vya kudai fidia vya WannaCry kilitolewa tarehe 14 Machi 2017, na shambulio likaanza Mei 12, siku 59 baadaye. Walioumia wengi walikuwa na kiraka mkononi. Upande wa pili yupo CrowdStrike: Ijumaa ya Julai 19, 2024, saa 1 na dakika 9 asubuhi kwa saa zetu, kampuni hiyo ya ulinzi ilisambaza sasisho bovu, ikaliondoa saa 2 na dakika 27, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 za Windows zikaanguka. Sasisho hilo halikupitia ratiba ya mfumo endeshi. Lilijiingiza lenyewe. Kwa hiyo ratiba nzuri ya Jumamosi haimwondolei mtu haja ya kuwa na nakala ya jana usiku, kila usiku.

Usiku wa Jumamosi wenyewe naupanga hivi, kwa mfuatano usiotegemea saa. Bakapu inaanza baada ya msimamizi wa zamu kuthibitisha kwamba mizani imefungwa. Ikimaliza, faili moja au kanzidata moja inarejeshwa kutoka kwenye nakala hiyo na kufunguliwa. Ikifunguka, diski ya nje inachomolewa, maana diski iliyobaki imechomekwa itasimbwa pamoja na seva siku virusi vya fidia vitakapoingia. Kazi ya bakapu ya kawaida inasimamishwa kwa muda ili isije ikaamka katikati. Masasisho yanawekwa, mashine inawashwa upya, na kama inadai kuwashwa tena inawashwa tena mpaka isidai. Kisha anayekuwepo anafungua mfumo wa mauzo, anatoa risiti ya majaribio, anapima lori tupu. Ndipo bakapu ya pili inachukuliwa kwenye hali mpya, na kazi ya kawaida inarudishwa. Hatua yoyote ikikwama, zinazofuata hazifanyiki, na ujumbe unakwenda kwenye simu za watu wawili. Barua pepe pekee haitoshi, kama GitLab ilivyoonyesha.

Ya kupuuzwa zaidi ni ile bakapu ya pili na kurudisha kazi iliyosimamishwa. Fundi amechoka, ni saa 10 usiku, mfumo unafanya kazi, anakwenda kulala. Programu ya bakapu nayo imesasishwa, na labda haikubaliani na toleo jipya la kanzidata. Hakuna atakayejua mpaka siku ya kuhitaji. Vilevile, cron, kipanga-kazi cha kawaida cha Linux, haikumbuki kazi iliyopitwa mashine ikiwa imezimwa: saa yake ikipita, imepita mpaka kesho. Ratiba za systemd zinaweza kuambiwa zifidie kazi iliyokosekana, lakini lazima ziambiwe.

Kuna na upande wa sheria, ambao viwanda vingi bado vinauona kuwa wa benki na kampuni za simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde zisipotee wala kuharibiwa, na inaweka masharti kwa anayezipeleka nje ya nchi. Orodha ya mishahara ya wafanyakazi 200 ni taarifa binafsi. Diski iliyochomolewa na kuwekwa kwenye droo bila kusimbwa ni taarifa hizohizo zikiwa ndani ya droo. Anayepeleka nakala kwenye seva za kukodi ajue ziko nchi gani kabla ya kusaini.

Kinachobaki ni gharama ya mtu. Mfuatano huu unamtaka mtu akeshe usiku mmoja kwa mwezi, saa nne au tano, na mara nyingi kiwanda kina fundi mmoja tu anayehesabiwa kuwa yupo kazini saa zote bila kulipwa ziada. Usiku huo uingizwe kwenye orodha ya zamu kama zamu nyingine yoyote, ulipwe, na fundi apewe mapumziko Jumapili. Mtu wa pili afundishwe kurejesha nakala kutoka mwanzo hadi mwisho, kwenye mashine ya pembeni, angalau mara moja kila robo mwaka, na muda aliotumia uandikwe. Uongozi ukijua kwamba kurejesha seva ya mauzo kunachukua saa 6, unaweza kuamua kama kiwanda kinaweza kukaa saa 6 bila kuuza, au kinunue seva ya pili.